Maswali ya Wasomaji: Skrepa za Umeme Kabla Hazijafika kwenye Mizani

Barua za mwezi huu ni za wakusanyaji na wanunuzi wadogo wa skrepa. Maswali yenyewe yanatofautiana, ila wengi wanapoteza hela palepale: vitu vinapanda mizani vikiwa vimechanganyika, na mizani hulipa bei ya kile kilicho cha chini kabisa ndani ya gunia.

Kompresa ya friji

*Shikamooni mafundi. Nanunua friji mbovu mitaani na kuziuza yadi kama chuma. Naambiwa ndani ya kompresa, lile dude jeusi la nyuma, kuna kopa (shaba). Ni kweli? Na linafunguliwaje? — Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam*

Marahaba. Ni kweli, ila si katika kila kompresa, na si nyingi kama inavyosemwa vijiweni. Kompresa ya friji ya kawaida ya nyumbani ina kilo 7 hadi 10. Waya wa mota yake, kama ni wa kopa, hutoa kati ya nusu kilo na kilo moja. Kinachobaki ni chuma na oili.

Anza na gesi, grinda ibaki pembeni kwanza. Soma kibandiko kilichopo kwenye kompresa au nyuma ya friji. Ukiona R600a, hiyo ni isobutani, jamaa wa gesi ya kupikia, na mara nyingi kuna alama ya moto ndani ya pembetatu ya njano. Cheche moja ya grinda kwenye mrija wenye gesi hiyo inatosha kukuunguza uso. R12 ya friji za zamani na R134a haziwaki kirahisi hivyo, lakini zikikutana na moto mkali hutoa moshi wa sumu. Tena hazifai kuachiwa hewani: R12 hula tabaka la ozoni, na R134a hupasha hewa joto zaidi ya mara elfu moja kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule. Mwite fundi friji mwenye mashine ya kunyonya gesi. Ukimkusanyia friji kadhaa kwa siku moja, gharama inagawanyika.

Gesi ikishatoka, kata mirija kwa kikata mirija au msumeno wa chuma wa mkono. Pindua kompresa juu ya ndoo, midomo ya mirija ikitazama chini, uiache mpaka kesho yake. Itatoa oili ya mililita 150 hadi 300. Ukiruka hatua hii, diski ya grinda itaipasha oili joto mpaka itoe moshi au iwake, na waya utakaotoa utakuwa umelowa, mnunuzi aushushe daraja. Oili hiyo iwekwe kwenye dumu lake na ipelekwe kwa wanaokusanya oili chafu. Mtaroni si mahali pake.

Sasa fuata mshono wa kulehemu unaozunguka ganda kiunoni. Kata juu ya mshono wenyewe, bila kuzamisha diski, kwa sababu koili iko karibu na ganda na ukipitiliza unakata kopa vipande vipande. Vaa miwani na glavu. Ndani utakuta mota imekalia springi; kata mrija mwembamba unaoishikilia, uitoe, kisha fungua bolti za steta, ile sehemu ya mota isiyozunguka, yenye koili. Bana steta kwenye jiliwa. Kata vichwa vya koili vya upande mmoja kwa patasi kali, sawasawa na uso wa chuma, halafu vuta koili kwa upande wa pili. Zikigoma, sukuma kwa kipande cha nondo kinachoingia kwenye tundu. Usizichome ili kulegeza vanishi.

Rangi nayo isikudanganye. Waya wa alumini hupakwa vanishi ya rangi ya kopa, na kompresa nyingi za bei nafuu zina alumini ndani. Kata waya mmoja utazame kitovu chake: ukiwa mweupe, ni alumini, na huenda kompresa nzima ingekulipa vizuri zaidi bila kazi hiyo. Kwa nje hutaijua. Kwa hiyo fungua moja ya kila modeli, andika namba ya modeli na uzito wa ulichotoa kwenye daftari. Baada ya miezi michache daftari hilo litakuwa na thamani kuliko grinda.

Ile mirija myeusi ya nyuma ya friji mara nyingi ni chuma. Pitisha sumaku, umalize ubishi. Kopa ya mirija utaipata kwenye AC za ukutani, zile za split: radieta yake ni mirija ya kopa iliyopita kwenye majani ya alumini. Hiyo iuze kama ilivyo kwa mnunuzi mwenye bei ya radieta, baada ya kukata vibao vya chuma vya pembeni. Kuchambua majani kwa mkono ni kazi isiyolipa.

Kuchoma nyaya

*Vijana wangu wanachoma nyaya nyuma ya yadi kwa sababu kumenya kunachukua siku nzima. Majirani wamelalamika. Hasara yake ni nini hasa? — Mwenye yadi, Mombasa*

Ganda la nyaya nyingi ni plastiki ya PVC, na PVC ina klorini. Ikiungua hutoa gesi ya asidi inayokereketa koo na macho, pamoja na dioksini, ambazo hutua kwenye udongo, zikapanda kwenye mayai ya kuku wanaochakura hapo. Majirani wana haki ya kulalamika.

Upande wa mfuko, moto hugeuza uso wa kopa kuwa mweusi na mkavu. Waya mnene uliomenywa ukang'aa huuzwa daraja la kwanza. Uliochomwa huuzwa chini yake, na nyuzi nyembamba huliwa na moto mpaka zinakatika zikishikwa. Unapoteza bei na unapoteza uzito.

Si kila waya unastahili kumenywa, na hapo ndipo vijana wanapopotezea siku. Kata mita moja, pima, menya, pima kopa peke yake. Tuseme, kwa mfano tu, mita ina gramu 100 na kopa ni gramu 55: waya huo una asilimia 55. Ikiwa kopa safi ni shilingi 1,000 kwa kilo, basi kilo ya waya ina kopa ya shilingi 550. Mnunuzi akikupa 500 kwa kilo bila kumenya, mpe aende nao. Akikupa 350, menya. Kipimo cha kukusaidia: uzi mmoja wa kopa wa milimita za mraba 2.5, ule wa soketi za nyumbani, una takriban gramu 22 kwa kila mita. Ukipata pungufu sana ya hapo, waya si wa saizi iliyoandikwa, au si kopa.

Nyaya za chaja, za simu na za intaneti ziuzwe na ganda lake. Zile nene ziachwe juani mpaka PVC ilainike, kisha zivutwe kwenye wembe uliofungwa imara juu ya ubao wenye mfereji. Kijana avute waya, wembe usisogee.

Jihadharini na waya wa alumini uliofunikwa kopa juu juu. Nyaya za spika na za kuwashia gari kwa gari jingine zimejaa huo. Wepesi wake mkononi utakushtua, na ukipitisha tupa kwenye ncha, weupe unatokea. Kilo chache za huo ndani ya gunia la kopa safi zinaweza kufanya gunia zima likataliwe.

Maikrowevu

*Je, ni salama kufungua maikrowevu iliyokaa stoo mwaka mzima bila umeme? — Fundi mwanafunzi, Kisumu*

Ichukulie kama bado ina umeme. Ndani kuna kapasita, kifaa kinachotunza umeme, ya kama volti 2,100, bapa, ya rangi ya fedha. Huwa na kizuizi cha ndani cha kumwaga umeme huo polepole, lakini kizuizi hicho hufa bila taarifa. Shika bisibisi yenye mpini mzuri wa plastiki, mkono mwingine mfukoni, unganisha ncha mbili za kapasita, kisha kila ncha na bodi ya chuma ya maikrowevu. Rudia.

Transfoma ndiyo nzito, kilo 3 hadi 6, na hapa pia koili nene huwa alumini mara nyingi katika zilizotengenezwa karibuni. Kwangua kabla ya kutoa jasho. Maikrowevu za kisasa zaidi hazina transfoma hiyo kabisa. Zina bodi nyepesi badala yake. Magnetroni, kile kifaa kinachotoa mawimbi ya kupashia chakula, iuze nzima. Kauri yake katika baadhi ya modeli ni oksidi ya berili, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki.

Dhahabu ya simu na kompyuta

*Nimeona video za kutoa dhahabu kwenye bodi za kompyuta kwa asidi. Nina gunia tatu za bodi. Nianze na asidi gani? — Msomaji, Mwanza*

Usianze na yoyote, ndugu yetu. Hesabu kwanza. Dhahabu ya kwenye miguu ya RAM (kadi za kumbukumbu) na viunganishi ni ngozi yenye unene chini ya mikroni moja, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Kwa nusu mikroni, sentimita moja ya mraba hubeba takriban miligramu moja. Unahitaji sentimita elfu moja za mraba za ngozi hiyo upate gramu moja, na hiyo ni kabla ya hasara za mtu anayejifunza. Kwa simu, makadirio yanayotumika sana ni gramu 300 hivi kwa tani, sawa na simu kama elfu kumi.

Asidi ya naitriki ikila kopa ya bodi hutoa moshi wa rangi ya kahawia. Mtu anaweza kuuvuta, akakohoa kidogo, akaenda kula chakula cha mchana, na mapafu yakajaa maji usiku. Maji machafu yanayobaki yana kopa na risasi, na hakuna pa kuyamwaga.

Hela yako iko kwenye kuchambua. Ondoa alumini ya kupoozea, vibao vya chuma na betri ya kifungo. Kisha tenga: RAM peke yake, prosesa peke yake, bodi kuu za kijani za kompyuta peke yake, bodi za simu peke yake, na zile za kahawia za redio, tivii na pawa saplai kwenye gunia la mwisho, maana ndizo za bei ya chini. Usikate miguu ya dhahabu wala kubandua chipu. Wanunuzi wakubwa hushusha daraja bodi iliyonyofolewa. Bodi nzuri husafirishwa mpaka kwenye viwanda vya kuyeyushia kama cha Umicore kule Hoboken, Ubelgiji, ambako dhahabu, fedha na paladi hutolewa pamoja na kopa.

Betri za simu zitengwe siku hiyohiyo. Ziba ncha kwa utepe, zifukie kwenye mchanga mkavu, iliyovimba usiitoboe.

Kwa ufupi

*Tivii za mgongo zina chochote?* Ile koili iliyozunguka shingo ya kioo, baada ya kumwaga umeme wa kapasita kubwa na wa kikombe cha mpira kilicho ubavuni mwa kioo. Kioo chenyewe kina risasi na ndani hakina hewa. Usikivunje, kiache kizima.

*Tukiyeyusha betri za gari wenyewe?* Hapana. Ziuzwe nzima, zikiwa wima, na asidi yake ndani. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliathiriwa na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama iliwaamulia fidia ya shilingi bilioni 1.3.

*Leseni ni lazima?* Kenya, ndiyo: Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inamtaka kila mfanyabiashara awe nayo. Biashara nzima ilisimamishwa kwa muda Januari 2022 baada ya nguzo na nyaya za umeme kuhujumiwa. Tanzania, anzia ofisi za NEMC, baraza la taifa la mazingira. Popote ulipo, andika jina na namba ya kitambulisho cha kila anayekuuzia, na nyaya zenye chapa ya shirika la umeme zisiingie getini.