Lesi ya dupatta (mtandio) kukunjamana, jaribu hivi

Pole dada, dupatta ya shifoni ya harusi halafu lesi ya zari (nyuzi zinazong'aa kama dhahabu au fedha) inakunjamana pindo zima, inauma kweli. Mara nyingi ni kwamba unaivuta lesi wakati unashona, ukiiachia inarudi na inakikusanya kitambaa. Ifumue taratibu kwa kukata uzi wa chini, afu uilaze mezani uibane upya na pini, lesi iwe imelegea kidogo. Weka sindano namba 70, hatua ya mshono kama milimita 3, na chini ya shifoni weka karatasi laini ukimaliza unaichana inatoka. Kwenye kona usiilazimishe kuzunguka, ikunje mshazari umalizie kwa mkono, hapo ndo wengi wanaharibu. Pasi iwe ya moto mdogo na juu yake kitambaa cha pamba, maana zari nyingi siku hizi, hata za Surat kule India, ni plastiki inayong'aa tu, inayeyuka. Ila kama lesi ni ya zamani, ya nyuzi za fedha halisi, tafadhali usiiloweke wala usiipitishe cherehani, mpelekee fundi anayetarizi sari kwa mkono.