Kufufua jiko la zamani la petroli: ushauri kwa fundi anayeanza

Jiko la kwanza la petroli nililolifungua hapa Lamu lilikuwa Coleman la vichwa viwili, aina ya 413G, lenye tangi jekundu, ambalo baharia mmoja mgeni aliliacha kijijini Shela akisema kwamba limekufa. Chini ya tangi palipigwa muhuri wa nambari 6 na 72, yaani Juni 1972, kwa kuwa majiko mengi ya kampuni hiyo ya Wichita, Marekani, hubeba mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Halikuwa limekufa. Lilikuwa na ngozi iliyokauka, mpira uliopasuka na gololi ndogo iliyokwama, kasoro tatu ambazo fundi mtulivu angezimaliza kwa siku moja. Mimi zilinichukua wiki mbili na kunichoma nyusi, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kutia petroli na kuona moto. Ninachotaka kukueleza wewe unayeanza ni namna ya kuifanya karibu kazi yote jiko likiwa tupu na baridi, kwa kutumia upepo na maji tu, ili petroli iwe kitu cha mwisho kuingia.

Wengi wetu tumekua tukiziona karabai za wavuvi na majiko ya pampu ya mafuta ya taa, na ujuzi huo unasaidia, kwani kanuni ni moja tangu fundi Lindqvist wa Sweden alipounda jiko lake la pampu mwaka 1892: upepo uliosindikwa ndani ya tangi husukuma mafuta, mafuta hupita kwenye mrija wa moto na kugeuka mvuke, mvuke hutoka kwa nguvu kwenye tundu jembamba, hujichanganya na hewa na kuwaka rangi ya buluu. Lakini ujuzi huo huo unaweza kukuponza. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yafikie joto la nyuzi 38 hivi au zaidi, ilhali petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwa joto letu la Kaskazi, petroli iliyomwagika huwa tayari imesambaa kabla hujainama kuifuta, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa sakafuni na kwenda kuutafuta moto ulipo. Usitie petroli kamwe katika karabai wala jiko lililoundwa kwa mafuta ya taa, hata kidogo, hata kwa kujaribu.

Kwa hiyo chagua mahali pa kazi kabla ya kuchagua spana. Mimi hufanyia kiwandani, yaani kwenye ua wa wazi katikati ya nyumba, mchana, nikiwa na karai la mchanga na gunia lililoloweshwa karibu yangu. Maji hayafai kuzimia petroli, kwani petroli huelea juu yake na kusambaa. Usifanyie darini chini ya makuti. Hakikisha pia kwamba hakuna chetezo chenye makaa ndani ya nyumba siku hiyo, jambo ambalo vitabu vya maelekezo vya Wamarekani havikulifikiria, lakini katika nyumba zetu ndilo linalosahaulika kwanza.

Anza na pampu, na usifungue kitu chochote kabla hujaisikiliza. Mzee aliyenifundisha karabai alikuwa akinishika mkono nilipokimbilia spana, akaniuliza, "Mwanangu, pampu yasema nini?" Alikuwa na maana hii: ukisukuma mpini ukaingia mwepesi bila kukaza mkono, ngozi iliyo kwenye ncha ya fimbo imekauka na upepo unapita pembeni, ukisukuma ukakaza, kisha mpini ukarudi wenyewe juu kama unaokataa, basi ngozi ni nzima, ila valvu ya kuzuia upepo usirudi ina uchafu au gololi yake imenata. Katika Coleman kuna jambo la ziada linalowachanganya wageni: kitasa cha pampu lazima kizungushwe kinyume cha saa mzunguko mmoja hivi kabla ya kupampu, na kidole gumba kizibe kitundu kilicho juu ya kitasa kila unaposukuma. Nimeletewa pampu "mbovu" mbili ambazo hazikuwa na kasoro yoyote isipokuwa hilo.

Ngozi iliyokauka mara nyingi haihitaji kubadilishwa. Itoe, iloweke usiku kucha katika mafuta mepesi ya cherehani, kisha ikunjue kingo zake taratibu kwa kidole mpaka ziwe kama kikombe kinachogusa ukuta wa bomba pande zote. Ikiwa imepasuka, fundi wa viatu atakukatia duara la ngozi laini, pana kidogo kuliko mdomo wa bomba, nawe utalilowesha mafuta na kulibonyeza ndani mpaka likae umbo. Niliwahi kujaribu sifa, mafuta ya samaki tunayopakia vyombo vya mbao, nikidhani yaliyofaa kwa jahazi yatafaa kwa pampu. Yalifaa, lakini kwa mwezi mzima chai iliyochemshwa juu ya jiko lile ilinuka kama ngalawa iliyopandishwa pwani.

Pampu ikishakubali, unafika kwenye kipimo ambacho mimi nakithamini kuliko vyote. Tangi likiwa halina hata tone la petroli, na mvuke wa petroli ya zamani umekwisha kwa kuliacha wazi juani siku mbili, funga valvu, funga kifuniko, litie upepo pampu 20 au 30, kisha lizamishe lote kwenye ndoo ya maji na utazame. Povu dogo linalopanda moja moja kutoka kwenye kifuniko linakwambia mpira umekwisha. Povu linalotoka kwenye shingo ya valvu linakwambia kamba ya kuzibia ndani yake imelegea, na mara nyingi robo mzunguko wa nati hutosha. Kamba hizo katika majiko ya zamani huweza kuwa na asbesto, kwa hiyo ukilazimika kuitoa, ilowe kwanza, na usiisugue msasa. Povu likitoka kwenye mshono wa tangi au kwenye doa la kutu, huo ndio mwisho wa tangi hilo. Usimpelekee mtu wa kulehemu. Tangi lililowahi kubeba petroli hubaki na mvuke hata likioshwa, na moto wa kulehemu unaweza kulilipua mikononi mwa fundi.

Juu ya mpira wa kifuniko nina kosa langu la kukusimulia. Nilikata duara zuri kutoka mpira wa ndani wa baiskeli, likakaa sawasawa, likapita kipimo cha ndoo bila povu hata moja. Siku mbili baada ya kutia petroli lilikuwa limevimba kama hamri kwenye mafuta, limelainika, na petroli inatiririka pembeni. Mpira wa baiskeli haustahimili petroli. Nenda kwenye maduka ya vipuri vya mashine za boti uulize mipira ya kabureta au ya bomba la mafuta. Hiyo imeundwa kukaa ndani ya petroli, na katika mji wetu haipatikani kwa shida.

Kutu ya ndani ya tangi ni desturi yetu, kwani hewa ya chumvi haichagui. Tia nati chache na siki au maji ya ndimu, tikisa, acha saa kadhaa, tikisa tena, halafu hesabu nati zinapotoka, maana moja ikibaki itakusumbua maisha. Suuza kwa maji yenye magadi kidogo, yale ya kulainishia maharage, ili uchachu usiendelee kula chuma, kisha kausha juani upesi. Shaba ya nje husafishwa kwa ukwaju kama bibi zetu walivyosafisha masinia. Lakini kung'arisha ni kazi ya mwisho, na wanaoanza wengi huifanya ya kwanza kwa kuwa inapendeza.

Sasa mrija unaopita juu ya moto, ambao mafundi wa majiko haya huuita jenereta. Ndani yake petroli hugeuka mvuke, na ndani yake pia masizi hukusanyika. Ukiuziba uchafu, moto huwa mdogo na wa manjano hata pampu ikijaa. Ncha yake ina tundu jembamba kuliko sindano ya kushonea, na usilichokonoe kwa waya wowote uliouokota, kwani tundu likipanuka kidogo tu, moto hautarudi buluu. Liloweke katika dawa ya kusafishia kabureta na usafishe kwa sindano yake yenyewe.

Hapa ndipo nilipochoma nyusi na jenereta pamoja. Nilichota petroli kwenye jerikeni ya boti, nikasahau kwamba petroli ya mashine nyingi za boti zetu huchanganywa na oili. Jiko lilitoa moshi mweusi, oili ikagandia ndani ya mrija, nami nikainama kutazama kulikoni wakati moto ulipopanda ghafla. Majiko haya yaliundwa kwa petroli safi isiyo na viungo. Petroli ya gari ina viungo vinavyoacha utando, kwa hiyo ukikosa nyingine, tarajia kusafisha jenereta mara nyingi zaidi. Ile ya boti iliyochanganywa usiiguse kabisa.

Siku ya kuwasha, jaza tangi lisizidi robo tatu, mbali na moto, kisha funga na ufute. Pampu mara 35 hadi 50, funga kitasa, inua juu kijiti cha kuwashia kilicho kwenye valvu, weka kiberiti kwenye kichwa kikubwa cha kulia, ndipo ufungue valvu. Moto wa manjano wa dakika moja au mbili ni wa kawaida, kwani jenereta bado ni baridi. Ukishatulia kuwa buluu, shusha kijiti na uongeze pampu kidogo. Kichwa cha kushoto kisiwashwe mpaka cha kulia kiwe na moto imara. Moto ukiendelea kupandashuka kwa manjano, zima, acha lipoe kabisa, na utazame kitundu cha mrija mwembamba unaochota upepo na petroli ndani ya tangi kabla ya kulaumu jenereta. Majiko madogo yasiyo na pampu, kama Svea 123, hupashwa kwanza kwa spiriti kidogo kwenye kibakuli kilicho chini ya kichwa, na ni rahisi zaidi, ila usiyazungushie ukuta wa kukinga upepo ulioziba kabisa, kwani tangi likipata joto kupita kiasi valvu ya usalama hufunguka na kutoa ndimi ya moto.

Usiwashe jiko chumbani palipofungwa. Kuta zetu za matumbawe ni nene na sumu ya moshi usioonekana haina pa kutokea. Ukimaliza msimu, mwaga petroli yote, kwani ikikaa huganda kama gundi, na ulegeze kifuniko. Langu hukaa kidakani juu ya gazeti. Kila baada ya miezi mitatu hulitia upepo na kulipaka povu la sabuni, na mara ya mwisho mapovu mawili yalitokea kwenye mpira wa kifuniko, nikaubadilisha jioni ile ile.