Flashi ikishuka kwenye kamera: majibu kwa wasomaji wetu

Maswali ya safari hii yanahusu picha za watu kwa flashi iliyowekwa pembeni, juu ya stendi, ikiamshwa kwa triga ya redio, yaani kifaa kinachoiamuru kutoka kwenye kamera bila waya. Neno moja litajirudia: stopu. Kuongeza stopu moja ni kuzidisha mwanga mara mbili. Kupunguza stopu moja ni kuukata nusu.

Ukanda mweusi chini ya picha

*Ndugu wahariri, nimenunua flashi ya mtumba na triga mbili. Nikipiga kwa kasi ya 1/500 ya sekunde, sehemu ya chini ya picha inatoka nyeusi kama imezibwa na ubao. Nimeuziwa mbovu? (Msomaji, Tanga)*

Flashi yako ni nzima. Ulichokiona ni pazia la shata, yaani mlango wa kamera unaofunguka na kufunga ili kuruhusu mwanga. Shata ina mapazia mawili: la kwanza linafungua, la pili linafuata nyuma yake kufunga. Kwa kasi ya kawaida kuna kipindi kifupi ambacho kihisi chote (kipande kinachonasa picha) kiko wazi, na flashi hupiga hapo. Ukipita kikomo cha kamera, pazia la pili linaanza safari kabla la kwanza halijamaliza, flashi ikipiga inakuta sehemu imeshafunikwa. Na kwa kuwa lenzi huigeuza sura kichwa chini miguu juu, pazia linaloziba upande wa juu wa kihisi huacha weusi upande wa chini wa picha.

Kikomo hicho katika kamera nyingi ni 1/200 au 1/250, na kimeandikwa kwenye kijitabu chake. Triga za bei nafuu huchelewa kidogo, kwa hiyo ukiona utepe mwembamba hata kwa 1/200, shuka hadi 1/160. Ikiwa kamera yako haina kioo ndani na flashi haitoki kabisa, angalia kama umewasha shata ya kimyakimya. Kamera nyingi huzima flashi katika hali hiyo.

Kwa kuwa ni ya mtumba, kuna tahadhari. Baadhi ya flashi za enzi za filamu zina zaidi ya volti 200 kwenye pini ya katikati ya mguu wake. Ukiichomeka moja kwa moja juu ya kamera ya kidijitali unaweza kuunguza saketi, na triga pia haiko salama. Iwashe, isubiri ijae chaji, kisha umwombe fundi wa redio akupimie kwa mita kati ya pini hiyo na chuma cha pembeni. Ikisoma volti 6 au chini, usiwe na wasiwasi. Ikisoma mamia, iache kabatini.

Nianzie namba gani?

*Nina flashi moja, stendi na mwavuli mweupe. Kila nikipiga nabahatisha. Kuna namba za kuanzia? (Msomaji, Mwanza)*

Zipo. Lakini ujue kwanza kila kitufe kinatawala nini, la sivyo zitakufaa chumba kimoja tu. Flashi hutoka na kwisha ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, fupi kuliko muda wa shata kuwa wazi. Kwa hiyo kasi ya shata haiugusi mwanga wa flashi. Inagusa mwanga uliopo tu, yaani dirisha, taa za chumba, anga. Tundu la lenzi (namba za f) na ISO, yaani wepesi wa kihisi kupokea mwanga, vinagusa vyote viwili. Nguvu ya flashi na umbali wake vinagusa flashi peke yake.

Weka kamera kwenye M (kupanga kwa mkono), ISO 200, shata 1/160, tundu f/5.6. Piga picha moja flashi ikiwa imezimwa. Ndani ya chumba cha kawaida itatoka karibu nyeusi, na ndivyo inavyotakiwa: chochote kitakachoonekana baadaye kitakuwa kimeletwa na flashi. Sasa weka flashi nyuma ya mwavuli, zumu ya kichwa chake ikiwa kwenye upana wa milimita 24 au 35 ili mwavuli wote ujae mwanga. Mwavuli uwe mita 1 hadi 1.2 kutoka usoni, nyuzi 45 upande mmoja, katikati yake ikizidi kimo cha macho kwa sentimita 40 hivi na ukiinama kumwelekea mtu. Nguvu iwe 1/16 ya nguvu yote. Uso ukiwa na giza, nenda 1/8. Ukiungua, rudi 1/32.

Halafu tazama kivuli cha pua. Kikishuka kidogo kuelekea pembe ya mdomo bila kuugusa, taa iko pazuri. Kikilala sawasawa na shavu, taa iko chini mno. Na kama macho hayana nukta ya mwanga ndani yake, taa imepanda kupita kiasi au mtu ameinamisha kichwa.

Kosa tunaloliona mara nyingi zaidi ni kuirudisha flashi nyuma, mita tatu, kwa imani kwamba mwanga utalainika. Inakuwa kinyume. Ulaini unatokana na ukubwa wa taa kama inavyoonekana kutoka usoni mwa mtu, na mwavuli uleule ukiwa mbali ni taa ndogo.

Bwana harusi mweusi, bibi harusi maji ya kunde, shela nyeupe pe

*Nikimpima bibi harusi, mumewe anapotea kwenye giza. Nikimpima mume, shela inaungua na bibi harusi anapauka. Na ngozi ya mume inang'aa madoa kwenye paji la uso. Nifanyeje? (Msomaji, Mombasa)*

Hapa kuna matatizo matatu, tuyatenganishe.

La kwanza ni kipimo. Kamera inapojipimia hudhani kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Shela au kanzu nyeupe ikijaza fremu, inapunguza mwanga na nyuso zinazama. Suti nyeusi au buibui likijaza fremu, inaongeza na nyuso zinababuka. Ndiyo maana flashi ya kujipimia yenyewe humpa mpigapicha wa harusi picha kumi zenye mwanga wa aina kumi. Weka nguvu kwa mkono. Washa onyo la kumetameta kwenye skrini, ongeza nguvu mpaka shela ianze kumeta kwenye mikunjo yake michache, kisha punguza theluthi moja au mbili za stopu. Hapo umeyahifadhi marembo ya shela, na ngozi imepata mwanga wote inaoweza kupata bila kuharibu kitambaa.

La pili ni tofauti ya watu wawili, na dawa yake ni umbali. Mwanga wa flashi hupungua haraka: umbali ukiongezeka mara mbili, unabaki robo. Kutoka mita 1 hadi mita 1.4 umeshapoteza stopu nzima. Basi mweke bwana harusi upande wa flashi na bibi harusi upande wa pili. Mume akiwa mita 1.2 kutoka kwenye mwavuli na mke mita 1.5, mume anapata mwanga zaidi kwa karibu theluthi mbili za stopu, na shela iko mbali na hatari. Kisha uzungushe mwavuli kidogo, katikati yake ielekee mbele ya wanandoa badala ya kuwakabili moja kwa moja. Wataangazwa na ukingo wake, ambao ni mpole. Wapigapicha wengi hufanya kinyume, humsogeza bibi harusi kwenye taa kwa sababu ndiye malkia wa siku. Malkia atang'aa hata akiwa upande wa pili.

La tatu ni madoa ya mng'ao. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake zaidi kwa mng'ao kuliko kwa tofauti ya mwanga na kivuli. Mng'ao huo ni taswira ya taa yenyewe, kama inavyojiona kwenye bati. Taa ndogo hutoa doa dogo kali; taa kubwa iliyo karibu hutoa ung'avu mpana unaofuata mfupa wa shavu na taya, nao ndio uzuri wa ngozi hiyo. Kwa hiyo usijaribu kuufuta, upanue. Mwavuli wa sentimita 110 ukiwa chini ya mita moja utafanya kazi ambayo wa sentimita 84 kwa mita mbili hauwezi. Usogeze pembeni zaidi, nyuzi 50 au 60, mng'ao utoke kwenye paji la uso na kutua shavuni. Jasho likaushwe kwa karatasi laini kwa kugandamiza, bila kusugua. Angalizo kwa mpambaji: poda na krimu zenye kinga ya jua huweza kuurudisha mwanga wa flashi na kuacha uso na utando mweupe ambao macho hayakuuona ukumbini.

Jambo la mwisho hapa: usiongeze mwanga kwa nia ya kumfanya mtu mweusi awe wa kijivu. Weusi wenye umbo ni sahihi. Tatizo ni weusi usio na mstari wa kuutenga na ukuta wa nyuma, na hilo hutibiwa kwa flashi ya pili, nyuma ya mtu na kando, ikipiga bega na kichwa kwa nguvu ndogo. Kama huna ya pili, tumia karatasi ya manila nyeupe upande wenye kivuli, sentimita 50 kutoka usoni.

Ufukweni saa saba mchana

*Flashi yangu ya betri nne haionekani kabisa juani. Nifungue ile hali ya shata ya kasi? (Msomaji, Bagamoyo)*

Tufanye hesabu. Jua kali la mchana, ISO 100, kasi 1/200, linataka f/11 hivi. Flashi ndogo ya kawaida ikiwa kwenye upana wa 35 ina namba ya nguvu karibu 36: igawe kwa umbali wa mita, upate tundu. Kwa mita 1.5 ni f/24 bila kizuizi. Mwavuli mweupe unameza kama stopu mbili, umebaki na f/12. Maana yake, kwa nguvu yote na mwavuli ukiwa mita moja na nusu, ndiyo kwanza umelifikia jua. Na namba za kwenye boksi huwa zimetiwa chumvi.

Hali ya shata ya kasi, inayoruhusu flashi kufanya kazi kupita kile kikomo cha kamera, haitakusaidia kupata nguvu. Flashi inalazimika kutoa mfululizo wa mapigo madogo wakati mwanya wa shata unapita, na mwanga unaofika hupungua kwa stopu mbili au zaidi. Kichujio cheusi mbele ya lenzi nacho hukata jua na flashi kwa kiwango kimoja. Kinakuruhusu kufungua f/4, lakini shindano kati yao liko palepale.

Kinachosaidia ni kumgeuza mtu alipe jua mgongo, uso wake uwe kwenye kivuli chake mwenyewe. Ondoa mwavuli, flashi tupu iwe mita 1.5, nguvu 1/2. Mwanga utakuwa mkali kiasi, lakini juani vivuli vikali havishangazi jicho. Au nenda kivulini mwa mti wa mkungu. Na upepo wa bahari hauhitaji zaidi ya sekunde moja kuangusha stendi: funga mfuko wa mchanga wa kilo 5 kwenye miguu, au mtu aishike.

Uso mweupe, anga la machweo

*Machweo yanatoka vizuri lakini mtu anaonekana kama amekatwa na kubandikwa. (Msomaji, Unguja)*

Rangi hazipatani. Flashi ina joto la rangi la kelvini 5500 hivi, karibu na jua la mchana. Mwanga wa jua linalozama ni wa chungwa zaidi. Bandika jeli (karatasi angavu ya rangi) ya chungwa ya nusu mbele ya flashi na uiache mizani ya rangi ya kamera kwenye alama ya jua, usiiweke kwenye kujichagulia. Jeli itakula zaidi kidogo ya nusu stopu, ifidie kwenye nguvu. Kisha usiguse flashi tena. Pwani yetu giza huingia upesi, kama dakika 20 baada ya jua kuzama mwanga umekwisha. Kadiri anga linavyofifia punguza kasi ya shata tu, 1/160, 1/80, 1/40. Uso utabaki vilevile.

Miwani

*Mwavuli unaonekana mzima ndani ya miwani ya mteja. (Msomaji, Bujumbura)*

Mwanga hudunda kwenye kioo kama mpira ukutani, kwa pembe ileile. Pandisha stendi sentimita 20 hadi 30, au mwambie mteja ainue mikono ya miwani kidogo juu ya masikio ili vioo viiname. Akigeuza uso upande wa taa, tatizo hurudi.

Triga inaruka

*Katika picha kumi, flashi haitoki mara tatu. (Msomaji, Dodoma)*

Anza na betri. Alkalini hushindwa kutoa mkondo mkubwa kwa haraka. Tumia za kuchaji za nikeli, 2000 mAh au zaidi, nne za umri mmoja, usichanganye. Ukipiga kabla taa ya utayari haijawaka, flashi itakaa kimya au itatoa nusu. Baada ya mapigo 20 au 30 ya nguvu yote mfululizo nyingi hujizima kwa joto, na hapo hakuna cha kufanya ila kusubiri dakika chache. Kama betri ni nzima, futa pini za mguu kwa kitambaa kikavu, hakikisha chaneli na kundi vinalingana pande zote mbili, kisha zima usingizi wa kuokoa chaji. Triga za Godox zina mpangilio wa umbali pia: ukifanya kazi chumbani, chagua mita 0 hadi 30 badala ya 1 hadi 100, kwa sababu flashi iliyo karibu mno na triga huweza kukosa mawimbi.