Sarafu ya Kilwa haina mwaka, umri wake tunaujuaje?

SWALI: Habari mtaalamu. Niko Kilwa Masoko, juzi nimevuka kwenda Kisiwani, mvua imetoka kunyesha, nikaokota kisarafu cha shaba kama ukucha wa kidole gumba. Kina Kiarabu ila mwaka siuoni. Ntajuaje ni cha lini? Nikisafishe na ndimu?

JIBU: Kaka, ndimu weka mbali kabisa! Ile kutu ya kijani imeshikana na herufi zenyewe, ukisugua zinaondoka nayo na jina la sultani hatulisomi tena.

Mwaka usiuhangaikie, haupo. Kilwa walikuwa wanaweka jina la sultani upande mmoja, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande zote mbili zina kina kimoja kama beti la shairi (mi kila nikizisoma nafurahi upya). Sasa kukosa mwaka kumesumbua watu sana, mfano sarafu za Ali bin al-Hasan, sultani wa zamani wa Kilwa, kuna waliozisogeza hadi karibu na 1200, mpaka 1984 ikapatikana hazina Mtambwe Mkuu kule Pemba, sarafu za fedha zaidi ya 2,000, zimo zenye jina lake, zimelala pamoja na dinari chache za dhahabu za ugenini ambazo zenyewe zina mwaka, na ya karibuni kabisa ni ya 1066. Basi, yaelekea hazina ilifukiwa si muda mrefu baada ya hapo, Ali akarudi karne ya 11.

Yaani sarafu inajulikana umri kwa vile ilivyolala navyo. Udongo una matabaka, la chini ndo la zamani, ukiikuta kwenye tabaka lenye mkaa tunapima kaboni iliyobaki kwenye mkaa kujua umri wake, ukiikuta na vigae vya Kichina tunajua vilitengenezwa enzi gani. Yako mvua imeshaing'oa kwenye tabaka lake, inauma, ila jina bado linasaidia. Likiwa al-Hasan bin Sulaiman, aliyejenga Husuni Kubwa, lile jumba la kifalme hapo Kisiwani, huyo tunamjua, msafiri wa Morocco Ibn Battuta alimkuta hapo hapo Kilwa 1331, na kisarafu chake kimoja cha shaba kimeokotwa mpaka Great Zimbabwe, ule mji wa kale wa mawe kule Zimbabwe!

Kifunge kwenye kitambaa kikavu, piga picha pale pale ulipookota, halafu kipeleke kwa wahusika wa mambo ya kale hapo Kilwa, sheria ya 1964 inataka utoe taarifa. Na kama pembeni yake uliona kigae au ushanga usiuguse, tuukute ulivyolala.