Barua kwa mwanangu: pistoni za kufuliwa na shuka la mama yako

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeuliza jambo moja tu, tena umeliuliza vizuri. Injini ya ile Corolla inatoa moshi wa buluu, silinda zimeliwa, sasa lazima zichongwe kutoka milimita 81 hadi 81.5. Je, utie pistoni zilizofuliwa, au ubaki na za kusubu kama zile zilizotoka nayo kiwandani? Ukaongeza kwamba unataka kuizungusha hadi mizunguko 7,500 kwa dakika bila woga, na kwamba kazi yote utaifanya mwenyewe bandani isipokuwa uchongaji.

Nitakujibu. Lakini kwanza niambie, ikirudi kutoka kuchongwa, bloku, ule mwili wa chuma wenye silinda, utaiosha kwa kitu gani?

Najua hukuuliza hilo. Najua pia kaka yako akisoma hapa atasema, haya, mzee ameanza na sabuni yake. Mwache aseme. Nimefungua injini nyingi kuliko alizoziendesha yeye, na bado nasema neno lilelile: injini hujengwa kwa sabuni, spana huja baadaye.

Tuanze na pistoni zako, maana sitaki uone nakukwepa. Pistoni ya kusubu ni aluminiamu iliyoyeyushwa ikamiminwa kwenye kalibu. Huwa na silikoni nyingi, kwa hiyo haitanuki sana ikipata moto. Unaweza kuifunga karibu na ukuta wa silinda na ikakaa kimya tangu asubuhi ya baridi. Ubaya wake ni kwamba ni ngumu lakini haina uvumilivu. Petroli ikianza kulipuka ovyo kabla ya wakati wake, kingo zinazoshika ringi humeguka. Iliyofuliwa imekandamizwa kwa nguvu nyingi ikiwa ngumu bado, chembe zake zimeshikana, nayo hustahimili vipigo ambavyo nyingine ingepasuka. Lakini nyingi ya hizo, hasa zile zenye silikoni kidogo, hutanuka zaidi, kwa hiyo hudai nafasi kubwa zaidi ndani ya silinda. Asubuhi utaisikia ikigonga kuta mpaka ipate joto. Usishtuke, huo si ugonjwa. Na ukizichagua hizo, usimpe mchongaji bloku kabla pistoni hazijafika mkononi mwake. Silinda huchongwa kufuata pistoni iliyopimwa kwa maikromita, kila moja na yake, wala haichongwi kufuata namba iliyoandikwa kwenye boksi.

Kuhusu ukubwa, nimekaa na kalamu nikahesabu. Kipenyo cha 81 na mwendo wa pistoni wa 77 kwa silinda nne vinakupa sentimita za ujazo 1,587. Ukienda 81.5 unapata 1,607. Ni ishirini tu hizo. Hutaongeza nguvu ya kujivunia, unarudisha tu silinda kwenye uduara wake. Nakwambia mapema ili usije ukaniambia baadaye kwamba gari halikubadilika.

Nguvu ya injini hii yako, 4A-GE, haikukaa kwenye ukubwa. Toyota walipoitoa mwaka 1983, huku Yamaha wakiwa wameshiriki kuitengenezea silinda hedi, waliipa kamshafti mbili za kufungua valvu, na valvu 16 ili ipumue vizuri ikiwa juu. Huko juu ndiko unakotaka kwenda wewe, na sikulaumu, ndiko nilikotaka kwenda mimi. Ila fikiria kinachotokea. Kwenye 7,500, kranki inazunguka mara 125 kila sekunde. Kila pistoni inasimama na kugeuka mara 250 katika sekunde hiyo moja, na kati ya visimamo hivyo inakimbia kwa wastani wa zaidi ya mita 19 kwa sekunde. Kinachozuia konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki, isisage kranki ni utando wa oili. Nafasi yenyewe kwenye beringi za konrodi ni kati ya milimita 0.02 na 0.05. Shika unywele wako mmoja uuangalie, kisha fikiria nafasi iliyo nyembamba kuliko huo.

Sasa fikiria punje moja ya jiwe imeingia hapo.

Unakumbuka shuka la mama yako? Lile jeupe lililochanika katikati, akatupa tukalikata vitambaa vya kupangusia. Ulikuwa na miaka tisa. Mjomba wako alikuwa amekuja kutusaidia kuishusha injini, akarudi kwao siku ileile, tukabaki wawili bandani na bloku juu ya meza. Silinda zilikuwa bado na kipimo cha 81, hazikuhitaji kuchongwa, zilipigwa jiwe tu ili zipate ile michirizi ya kupishana inayoshika oili. Wewe ndiye uliyeshika tochi. Ulikuwa umevaa shati langu la kazi, mikono umekunja mara nne.

Niliosha kwa petroli. Nilikuwa na haraka. Nilitaka iwake kabla ya Jumapili, na sikumbuki kwa nini Jumapili, hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba sababu yenyewe imenitoka. Nikamwaga petroli, nikapiga brashi, nikapuliza kwa upepo wa kompresa. Bloku iling'aa. Kisha nikakupa kitambaa cha lile shuka nikakwambia upake oili safi kidogo, upanguse silinda moja moja, uniambie umeona rangi gani. Nilikupa kazi hiyo kwa sababu mkono wako ulikuwa unaingia vizuri kuliko wangu, na kwa sababu nilitaka uwe na sehemu yako katika ile injini.

Ukapangusa. Ukakitoa kitambaa, ukakimulika kwa tochi, ukasema, "Baba, bado kijivu."

Nikasema, "Hiyo ni oili tu."

Ukarudia silinda ya pili. "Na hii pia ni kijivu, Baba."

Nikakwambia inatosha.

Oili safi haina ukijivu, mwanangu. Nilijua. Huwezi kukaa miaka yote hiyo na mafuta mikononi usijue. Ule ukijivu ni unga wa mawe ya kupigia silinda pamoja na chuma kilichosagika, umejificha ndani ya michirizi. Petroli haiutoi. Petroli huyeyusha oili iliyoushika, wenyewe unakaa palepale chini ya michirizi, unasubiri. Sabuni ya povu na maji ya moto na brashi ngumu ndiyo hunyanyua punje, povu likazibeba hadi nje. Hakuna siri hapa. Ni kazi ya kufua nguo. Nimeshangaa kila mara kwamba lugha yetu imempa mhunzi na mama yako neno moja: yeye hufua chuma, mama hufua shuka. Wewe umeniuliza kuhusu kufua kwa mhunzi, na mimi nimebaki na kule kwa mama yako.

Iliwaka Jumamosi jioni. Unakumbuka ulivyoruka. Hata mama yako alitoka nje. Sauti ilikuwa tamu, sijawahi kusikia tamu kuliko ile, na sisemi hivyo kwa sababu ya kilichofuata. Dakika arobaini. Kisha taa ya oili ikaanza kupepesa injini ikinguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta, na kwa mbali chini nikasikia tok, tok, tok. Nikazima, nikafunga boneti, nikakwambia twende tukale.

Nilipoifungua wiki ile, beringi zote za konrodi zilikuwa zimekwaruzwa kama zimepigwa msasa. Madini ya beringi ni laini, yalikuwa yamezinasa zile punje, na zikiwa zimenaswa humo zikawa jiwe la kunolea, zikaila kranki. Kranki ikabidi ichongwe milimita 0.25, na beringi mpya za kipimo hicho.

Sasa jambo ambalo sijawahi kukwambia. Siku ile mezani, mbele yenu wote, nilisema fundi aliyepiga jiwe ndiye aliyeharibu. Nilisema alitumia mawe mabaya. Nilirudia kwa mjomba wako, nikarudia kwa kila aliyeuliza, na wewe ulikuwa umekaa pale pale unanisikiliza. Si kweli. Yule fundi, aliponikabidhi bloku, aliishika akaniambia, "Mzee, sabuni na maji moto. Petroli usiitumie." Alisema hivyohivyo. Sikurudi kwake tena, naye hajui kwa nini.

Na kuna jingine dogo kuliko hilo, ila ndilo linaloniamsha usiku. Mara ya pili niliosha siku mbili nzima. Niling'oa vizibo vyote vya njia za oili, nikapitisha brashi nyembamba kila tundu, nikasuuza, nikakausha, nikapaka oili upesi kabla chuma hakijaota kutu, maana bloku ya chuma cha kusubu huanza kugeuka rangi ya machungwa ukiwa bado unaitazama. Kisha nikakuita. Nikakupa kitambaa kipya cha lile shuka. Ukapangusa, ukakitoa, ukanyamaza. Nikauliza, rangi gani? Ukaniangalia usoni, hukuangalia kitambaa. Ukasema, "Wewe unaonaje, Baba?"

Kilikuwa cheupe pe. Ungeweza kusema. Lakini ulikuwa umeshajifunza kwamba bandani kwangu rangi ya kitambaa aliitoa Baba.

Huenda nalikuza jambo. Mama yako husema hukumbuki, kwamba watoto wana mengi ya kukumbuka kuliko kitambaa. Huenda. Injini ile imekwenda miaka yote hii baada ya hapo, umejifunzia kuendesha ndani yake, na sasa imechoka kwa uzee wake halali. Kwa hesabu hiyo hakuna kilichoharibika. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Kisha barua yako inafika, umeeleza kila kitu, vipimo umevipanga vizuri kuliko ambavyo ningevipanga mimi, halafu mwishoni: Baba, wewe unaonaje?

Kwa hiyo pistoni. Ungeniona nilivyokata maneno hapa. Niliandika sentensi nzima nikaifuta, ukigeuza karatasi kwenye mwanga labda utaisoma. Kuna mtu ndani yangu anasema injini isiyo na turbo, isiyopandishwa mgandamizo, za kusubu zimetosha tangu 1983 na zitatosha. Mwingine anasema 7,500 kila Jumapili si jambo dogo, na bloku huichongi kila mwaka, tia iliyo imara ulale. Wa kwanza anajibu kwamba kinachobeba mzigo huko juu ni bolti za konrodi kabla ya pistoni, na kwamba ukiwa na hamu ya kuongeza uimara, anzia kwenye bolti mpya. Hapo wote wawili wananyamaza, maana ni kweli. Bolti za konrodi tia mpya. Hilo nalisema bila kusita, nalo hukuniuliza.

Na mengine ambayo hukuniuliza: vifuniko vya konrodi visichanganywe, kila kimoja kilichongwa pamoja na konrodi yake, vitie alama kabla hujalegeza nati ya kwanza. Bolti za silinda hedi ni nyutoni mita 29, halafu robo mzunguko, halafu robo nyingine, kwa mpangilio wa kutoka katikati kwenda nje, na usifanye ukiwa na njaa. Kabla ya kuwasha, toa plagi, piga staata hadi taa ya oili izime. Valvu za kuingiza ziache nafasi ya 0.15 hadi 0.25, za kutoa 0.20 hadi 0.30, injini ikiwa baridi. Haya unayajua. Nayaandika kwa sababu kuyaandika kunanituliza.

Kuhusu pistoni nitanyamaza, ingawa kalamu inanivuta. Umepima wewe, gari ni lako, nafasi utakayompa mchongaji utaiandika wewe kwa mkono wako. Ukichagua za kufuliwa nitakuja kuzisikiliza zikigonga asubuhi. Ukichagua za kusubu nitakuja kusikiliza kimya chake.

Ila bloku ikirudi, usiioshe mpaka nifike. Nakuja na brashi ndefu za njia za oili, zile zilizo kwenye kopo jekundu, na ndoo mbili. Mama yako amepekua kabati akakuta kipande kimoja cha lile shuka, hakijawahi kuguswa na oili. Nitashika tochi mimi. Wewe utapangusa, utakimulika, utasema rangi. Ukisema kijivu, tutachemsha maji mengine.

Baba yako