Mistari Mitano Wakati Maji Yanachemka

Nimeanza kuandika kila siku mara nne katika maisha yangu. Mara tatu za mwanzo zilinishinda, na zote zilinishinda kwa sababu moja, ingawa ilinichukua miaka kuiona.

Mara ya kwanza ilikuwa Januari 2015. Nilikwenda duka la vifaa vya shule hapa Ngamiani, mjini Tanga, nikanunua kaunta buku la kwaya tatu na kalamu mbili za bluu, nikajiapiza kurasa mbili kila siku. Siku ya kwanza niliandika kurasa tano. Siku ya pili, tatu. Siku ya tisa shule zikafunguliwa, nikakabidhiwa darasa la tatu lenye watoto tisini na kitu, na kaunta buku likageuka kuwa la hesabu za mchezo wetu wa akina mama. Bado ninalo. Ukifungua mbele utamkuta kijana anamsubiri baba yake bandarini. Ukifungua nyuma utaona nani kapokea na nani hajatoa. Kijana yule hajaonana na baba yake mpaka leo.

Mara ya pili ilikuwa 2017. Nilikuwa nimeambiwa kwamba waandishi wa kweli huamka kabla ya jogoo, nikaanza kuamka saa kumi usiku. Wiki ya pili nilisinzia nimesimama ubaoni, chaki mkononi, katikati ya hesabu ya kugawanya. Nilipozinduka darasa zima lilikuwa kimya, na mtoto mmoja wa mbele akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, tukuletee maji?" Usiku ule nililala mpaka adhana.

Mara ya tatu nilihamia kwenye simu, maneno elfu moja kwa siku. Nikaenda vizuri kiasi, kisha simu ikachomolewa stendi na hadithi zote zikaenda nayo. Kwa muda mrefu nilimlaumu mwizi. Ukweli ni kwamba siku anaiba, nilikuwa na siku kumi na mbili sijaandika hata neno. Mwizi alinipa cha kusingizia tu. Kuacha nilikuwa nimeshaacha. (Siku hizi naandika kwa mkono, na kila Ijumaa napiga picha kurasa za wiki nzima na kujitumia kwenye barua pepe. Dakika tatu. Fanya hivyo, usisubiri stendi ikufundishe.)

Sasa ile sababu moja. Mara zote tatu nilijipangia kiwango siku nina mzuka. Vijana wanalijua vizuri hilo neno: ule moto unaokushika ghafla, unaona unaweza kuandika riwaya kabla ya mwisho wa mwezi. Mtu mwenye mzuka akiulizwa ataandika kiasi gani kwa siku, hujibu kama mtu anayeagiza chakula akiwa na njaa. Anajaza meza. Anayekuja kula ni mwingine, yule wa Jumatano jioni, ana madaftari tisini ya kusahihisha, mtoto ana homa, na umeme umekatika.

Hilo nililijua hospitalini. Mwaka 2019 mama alilazwa siku kumi na moja, mimi nikiwa wa kulala naye. Mkobani nilikuwa na daftari la mwanafunzi ambalo sikuwahi kulirudisha, na kwa kuwa hakuna cha kufanya usiku wodini, nikawa naandika mistari michache kila siku kwenye kurasa za mwisho. Daktari kapita saa tatu. Kitanda cha dirishani kimebaki kitupu, hakuna anayetaka kuhamia. Mama kala uji nusu kikombe, kasema hauna chumvi, kwa hiyo anapona. Sikuwa na mpango wowote, wala sikudhani ninaandika.

Mama alirudi nyumbani, na mpaka leo anasimamia kila sufuria yangu. Baada ya wiki kadhaa nikalikuta lile daftari nikasoma. Zilikuwa kurasa bora kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika kwa mzuka. Nikahesabu: siku kumi na moja, hakuna hata moja iliyorukwa, na siku niliyoandika sana ilikuwa na mistari mitano.

Basi nikachukua kiwango hichohicho. Mistari mitano. Nilikipata katika siku zangu mbaya kuliko zote, kwa hiyo nilijua siku ya kawaida haiwezi kukishinda.

Ushauri wangu kwako ndio huo, na mengine yote yanautumikia. Kumbuka siku iliyokuchosha kuliko zote mwezi uliopita. Jiulize, siku ile, kabla ya kuzima taa, ungeweza kuandika nini bila kulia? Kama ni mistari mitatu, kiwango chako ni mitatu. Kama ni mmoja, ni mmoja. Siku ukiwa na nguvu andika kurasa kumi, hakuna anayekukataza, lakini kiwango kisipande. Mimi nimekwishajaribu kukipandisha mpaka mistari ishirini kwa sababu mwezi fulani mambo yalininyookea. Nililipia.

Najua mistari mitano inaonekana kama mzaha. Piga hesabu: kwa siku 365 ni mistari 1,825. Kaunta buku langu lina mistari 34 kila ukurasa, kwa hiyo ni kurasa 53 na ushei kwa mwaka. Miaka minne niliyokuwa na malengo makubwa sikufikisha kurasa arobaini.

Na ukiniambia kazi imekubana, mimi ni mtu wa Tanga, jibu langu liko karibu. Shaaban Robert, aliyezaliwa 1909 kijiji cha Vibambani, si mbali na mji wetu, aliajiriwa ukarani Idara ya Forodha mwaka 1926, na tangu hapo maisha yake yakawa ya karani wa serikali, akihamishwa kituo hiki na kile. Alifariki 1962, na maandishi aliyoacha yanajaza rafu. Aliandika huku ukarani ukiendelea. Sisemi wewe na mimi ni akina Shaaban Robert. Nasema tu kwamba karani naye ana jioni.

Swali linalofuata ni lini. Nilikuwa nikisema "nikipata nafasi", na nafasi haipatikani, kwa sababu nafasi si kitu kinachodondoka. Nikaamua kuining'iniza kalamu kwenye jambo ambalo lingetendeka hata nikiwa naumwa: kuchemsha maji ya chai asubuhi. Wakati huo tulikuwa tunapikia mkaa. Unawasha jiko, unapepea, unabandika sufuria, halafu kuna kipindi kizuri sana ambacho mtu hana la kufanya isipokuwa kuangalia mvuke. Kaunta buku likahamia jikoni, juu ya kabati la vyombo, na kalamu imefungwa kwa uzi ili watoto wasiende nayo shule. Sufuria ikikaa jikoni, mimi nakaa kwenye kigoda.

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa kujilazimisha. Mwezi wa pili nikawa nakumbuka mwenyewe. Kama mwezi wa tatu hivi, nikisikia sufuria inagusa jiko, mkono ulikuwa unakwenda kwenye kalamu kabla sijafikiri. Baadaye nikaja kusoma kuhusu utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa 2010. Waliwafuata watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja amechagua jambo moja dogo la kula, kunywa au kufanya mazoezi, alitende kila siku baada ya tukio lilelile, kwa mfano baada ya kifungua kinywa. Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka jambo kuwa la kujiendea lenyewe. Lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno: kutoka siku 18 mpaka makadirio ya siku 254. Kwa hiyo anayekuambia mazoea ni siku 21 anakuuzia kitu. Na kuna jambo moja humo lililonifariji kuliko hesabu zote: kuruka siku moja hakukuharibu mazoea yaliyokuwa yakijengeka.

Kisha tukanunua mtungi wa gesi, na nusura uandishi wangu ufe. Nacheka sasa, lakini wakati ule sikucheka. Maji ya chai kwenye gesi yanachemka kabla hujamaliza sentensi ya pili. Wiki mbili nzima niliandika mistari miwili miwili, nimekasirika, sijui nimekasirikia nini, mpaka nilipogundua kwamba kilichopungua ni muda wa sufuria. Nikatafuta sufuria kubwa. Nikaanza kuchemsha na maji ya kunywa asubuhi hiyohiyo, lita tano. Mume wangu akawa analalamika gesi inaisha upesi. Nikamwambia afya ya watoto haina bei, jambo ambalo ni kweli, ila halikuwa lote.

Kuhusu cha kuandika, sitakaa sana hapo, kwa sababu anayelalamika hana cha kuandika mara nyingi anamaanisha hana cha kuandika kizuri. Andika kibaya. Siku nikiwa mtupu kabisa naanza na "Leo sina la kuandika kwa sababu", na sababu yenyewe huwa ni habari. Kwa mwalimu, watoto pia ni hazina; juzi mmoja kaandika kwenye insha kwamba ng'ombe wao "ana sura ya mtu aliyedhulumiwa". Ningefanya kazi mwaka mzima nisiipate hiyo.

Linalonishughulisha zaidi ni jinsi ya kuacha. Bibi yangu mzaa mama alikuwa msukaji wa mikeka. Alisuka ukili, ule utepe mrefu unaoshonwa kuwa mkeka, kwa miyaa, yaani majani yaliyochanwa, ya mkindu, na ukili ulipimwa kwa pima, mikono miwili imetandazwa. Kila alipotaka kuinuka, kwenda kuswali au kuangalia chungu, alikuwa anachomeka miyaa mipya kwanza, anaisuka mara mbili tatu, ndipo anauweka chini. Nilimuuliza kwa nini asimalize kwanza. Akanijibu, "Nikiuacha umeisha, kesho mikono itatafuta pa kuingilia."

Nilipokuwa naandika kwa mzuka nilikuwa naacha pale nilipoishiwa, nimekauka, na kesho yake nilikaa mbele ya ukurasa mweupe mikono ikitafuta pa kuingilia. Sasa naacha katikati. Ernest Hemingway, yule mwandishi Mmarekani, naye alishauri hivyo, mtu aache wakati bado anajua kitakachofuata, lakini mimi nililisikia kwa bibi kabla sijamjua Hemingway. Nikifika mstari wa tano nikaona wa sita unakuja, nauandika nusu, nafunga daftari. Siku nzima ule mstari unanitembelea kichwani, kwenye bajaji, hata kwenye kikao cha walimu ambacho kingeweza kuwa barua ya ukurasa mmoja.

Na bibi hakuwa anashona mkeka huku anasuka. Kushona kulikuwa na siku yake, ukili wote umekwisha, ametandika uani. Mimi siku yangu ya kushona ni Jumamosi mchana. Siku nyingine zote sifuti, sirudi nyuma, sisomi nilichoandika jana isipokuwa ile nusu ya mstari. Ukisahihisha huku unaandika, mwalimu aliye ndani yako atampiga mwanafunzi aliye ndani yako, na sisi walimu tunajua kupiga.

Utaruka siku. Mimi mwaka wa kwanza niliruka nne mfululizo, msiba wa jirani, na siku ya tano nikajiambia nitalipa: mistari ishirini ya deni na mitano ya leo. Sikuweza. Kesho yake deni likawa mistari thelathini. Aliyewahi kuchelewesha marejesho ya kikoba anaijua hiyo ngazi inaishia wapi. Nikakaa wiki tatu sishiki kalamu, naliogopa kaunta buku kama mtu anavyomkwepa anayemdai. Mwishowe nikalifuta deni lote kwa kalamu nyekundu, nikaandika tarehe ya siku ile, na mistari mitano. Tangu hapo siku iliyopita imepita.

Kilichobaki ni mtu wa kusoma. Niliwahi kutuma mswada wangu kwenye shindano, sikusikia lolote, na ukimya ule uliniumiza kuliko nilivyotarajia. Uandishi ukitegemea makofi, makofi yakichelewa nao unachelewa. Kilichonisaidia ni wifi yangu wa Muheza. Yeye si mtu wa vitabu, ni mshonaji wa nguo, lakini anapenda umbea. Kila Ijumaa usiku namsomea kwa ujumbe wa sauti kile nilichokuwa nacho, hata kama ni nusu ukurasa. Hanisifu. Anauliza tu: "Halafu yule mwanamke karudi kwa mumewe?" Nikichelewa, Jumamosi asubuhi napokea ujumbe: "Wifi, umemuua au?" Tafuta mtu wa namna hiyo, mmoja tu, na awe anayetaka kujua kilichotokea, asiwe wa kukuambia una kipaji.

Mwezi uliopita mume wangu alinizawadia jagi la umeme la kuchemshia maji. Kaliona dukani, kasema kwa dakika nne lita nzima iko tayari, nipumzike na masufuria, na gesi nayo ipumue. Nilimshukuru kwa dhati, maana alinunua kwa mapenzi. Limekaa juu ya kabati la vyombo, ndani ya boksi lake, kaunta buku langu la nne limeliegemea.