Uliza Ujibiwe: Ua Linatikisika, Mbuyu Unainama

Barua nyingi za safari hii, zote za upigaji picha wa maua na miti, zimetoka Nyanda za Juu Kusini. Wengi wanapiga picha kwa simu, wachache wana kamera ya kubadili lenzi. Majibu yanafaa kwa wote isipokuwa pale tulipotaja chombo chenyewe.

Kamwene wahariri. Simu yangu ina kamera tatu nyuma. Nikipiga ua la pareto kwa karibu, nyasi za nyuma zinatoka safi, ua lenyewe lina ukungu. Siku likitoka safi, petali zinakuwa nyeupe tupu kama karatasi. Tatizo ni simu au ni mimi?
*Msomaji, Njombe*

Kamwene. Hayo ni matatizo mawili yaliyokutana shambani, tuyatenganishe.

La kwanza ni umbali. Kamera kuu ya simu nyingi haioni vizuri kitu kilicho chini ya sentimita 10 hivi. Ukiisogeza zaidi inakata tamaa na kushika nyasi za nyuma. Rudi nyuma hadi sentimita 25 au 30, kuza mara 2, kisha punguza kingo za picha baadaye. Ile lenzi ya tatu iliyoandikwa makro, hasa ya megapikseli 2, mara nyingi imefungwa kwenye umbali wa kama sentimita 4 na haijirekebishi kabisa. Ukiwa sentimita 7 picha ina ukungu, ukiwa sentimita 2 ina ukungu. Pima kwa upana wa vidole viwili na ushee. Kusema kweli hatuipendi, kamera kuu iliyokuzwa hutoa picha bora.

Ua jembamba lenye nyasi nyuma huisumbua hata kamera ya bei mbaya. Weka kiganja chako ubavuni mwa ua, umbali uleule na ua lilipo. Bonyeza kiganja kwenye kioo cha simu na ushikilie mpaka alama ya kufuli itokee, toa mkono, piga. Baada ya kufunga usisogee mbele wala nyuma, hata sentimita 2 zinaharibu.

La pili ni weupe. Simu hupima wastani wa mwanga wa fremu nzima. Ua moja jeupe likizungukwa na majani ya kijani kilichokolea, simu inadhani pote ni giza, inaongeza mwanga, na petali zinaungua. Gusa ua kwenye kioo, kisha vuta ile alama ya jua kwenda chini mpaka uione mistari myembamba iliyo kwenye kila petali. Kwenye kamera, shusha kipimo cha mwanga (kile cha alama ya +/-) kati ya 0.7 na 1. Mistari ikishapotea wakati wa kupiga, hakuna programu itakayoirudisha. Ila angalia: ukisogea mpaka weupe ujaze fremu nzima, mambo yanageuka. Sasa kamera inaona mwanga umezidi, inapunguza, na pareto yako inakuwa ya kijivu. Hapo panda 0.3 hadi 0.7.

Tena muulize mwenye shamba atachuma lini. Pareto huchumwa maua yaliyokwisha kufunguka, kwa hiyo ukifika kesho yake utakuta majani na matumba.

Mimi husafiri kwa basi Iringa hadi Mbeya mara mbili kwa mwezi. Miti ya kando ya barabara inatoka imevutika, mingine imelala upande kama inataka kuanguka. Kukaa dirishani kuna faida gani basi?
*Msomaji, Mafinga*

Faida ipo, ila si kwa miti iliyo jirani na lami. Basi likienda kilomita 80 kwa saa, linapita mita 22 kila sekunde. Shata, yaani pazia la kamera linaloruhusu mwanga, ikifunguka na kufunga kwa 1/100 ya sekunde, wewe umeshasogea sentimita 22. Kwa 1/1000 ni sentimita 2 tu. Mti ulio mita 5 kutoka dirishani utavutika hata hivyo, lakini msitu ulio mita 200 utatulia. Hivyo weka shata 1/1000 au zaidi, acha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipande hadi 400 au 800, na lenga vya mbali. Kwenye simu isiyo na sehemu ya kuchagua shata, piga kukiwa na jua la kutosha, maana mwanga mwingi huilazimisha kutumia kasi kubwa.

Kulala upande ni jambo jingine. Simu haisomi picha yote kwa mpigo, inasoma mstari baada ya mstari. Mstari wa mwisho unaposomwa, shina limeshahama, ndiyo maana mti ulionyooka unatoka umelala. Dawa yake ni ileile ya kulenga vya mbali, au mwendo mdogo. Subiri mlima wowote, pale kwenye kona mabasi yanapopanda taratibu nyuma ya malori.

Kioo cha dirisha: kifute upande wa ndani, sogeza lenzi karibu kabisa bila kukigusa, kwa sababu kioo hutetemeka na injini. Zungushia lenzi kitenge cheusi au mkono wa sweta kuzuia mwako wa taa na wa shati lako jeupe. Flashi izimwe, vinginevyo utapiga picha ya flashi.

Upande wa kukaa nao una hesabu yake. Kutoka Chimala kwenda Uyole, ukuta wa milima uko kushoto kwako, yaani kusini, na kulia ni tambarare ya Usangu. Kuanzia Juni hadi Agosti jua hupita upande wa kaskazini, hivyo linamulika ule ukuta na miti yake usoni. Kata tiketi ya kushoto. Desemba na Januari jua la mchana limehamia kusini kidogo, ukuta unafifia, na siti ya kulia haina hasara kubwa.

Wahariri, naomba kujua jinsi ya kupiga mibuyu ya Ruaha Mbuyuni. Nikiinua simu mbuyu unaegemea nyuma, na anga inakuwa nyeupe.
*Msomaji, Ilula*

Mbuyu unaegemea kwa sababu umeinua uso wa simu. Simu ikisimama wima kama ukuta wa nyumba, shina nalo litasimama wima. Shida ni kwamba kilele hakitaingia, kwa hiyo rudi nyuma. Mbuyu wa mita 15 unataka uwe umbali wa mita 25 au 30 ukitumia kamera kuu. Usikimbilie lenzi pana ukiwa chini ya mti, maana hiyo ndiyo inayoinamisha zaidi. Kama nyuma yako kuna barabara au korongo, panda juu ya kichuguu au ukingo wa udongo. Hata mita 2 za kuinuka zinapunguza mwinamo. La sivyo, acha nafasi pana pande zote mbili na unyooshe baadaye kwenye simu, kwani kunyoosha kunakula kingo.

Kuhusu anga, saa za jua la utosi mbuyu uliopukutika majani huwa mweusi mbele ya anga iliyoungua. Piga kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 10 jioni, jua likiwa ubavuni. Hapo gome linaonyesha mikunjo yake, ile inayofanana na ngozi ya tembo, na makovu ya wachuna kamba. Ukilazimika kupiga dhidi ya mwanga, chagua moja: ama shusha mwanga upate umbo jeusi la matawi, ama pandisha 1 upate gome na uisahau anga.

Kiangazi mbuyu hauna majani na ndipo umbo lake linapoonekana sawasawa. Maua huja mvua zinapokaribia au kuanza. Ni meupe, yananing'inia kwa kikonyo kirefu, hufunguka jioni na huishi usiku mmoja, popo wakiyatembelea. Kesho yake mchana yako chini yamegeuka rangi ya kahawia. Hivyo tafuta tawi lililoinama lenye tumba lililovimba, subiri kuanzia saa 12 jioni, na mwenzio amulike kwa tochi kutoka ubavuni. Tochi ikitoka mbele, petali zinakuwa bapa.

Mwambie mtu asimame karibu na shina, kwa ridhaa yake. Bila mtu, mbuyu na mpera ni sawa tu machoni pa asiyeufahamu.

Tunapanga kwenda Kitulo kwa ajili ya maua. Twende lini, tubebe nini, na upepo wa kule tuufanyeje?
*Wasomaji wanne, Uyole*

Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, ina kilomita za mraba zipatazo 413, na uwanda wake uko kwenye mita 2,600 hivi. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Aina za okidi zinazoota ardhini peke yake zinafika 45. Maua ni ya masika: Desemba hadi Aprili. Ukienda Julai utakuta nyasi kavu, na asubuhi sakitu, ambayo nayo ni picha nzuri, lakini siyo mliyoifuata. Kwa kuwa masika ndiyo msimu, barabara zinateleza, ziwe za Isyonje au za Chimala kupitia Matamba. Gari liwe la magurudumu manne yanayovuta.

Upepo huamka na jua. Muda wenu ni saa 12:30 hadi saa 3 asubuhi. Ina maana mlale karibu, kwani mkitoka Uyole alfajiri mtafika upepo umeshaanza. Baada ya hapo tumieni vitu hivi: kibanio cha nguo kilichofungwa kwenye mshikaki wa mbao au mwanzi wa sentimita 40, na mwavuli. Chomekeni mshikaki sentimita 5 kutoka kwenye shina, kibanio kishike shina kwa kulegea, sentimita 10 chini ya ua, pasipoingia kwenye fremu. Kikibana sana kinaponda shina, na ua lenyewe litakufa kesho. Mwavuli ukae upande unakotoka upepo, usiwe mwekundu wala wa rangi kali, maana rangi yake itaangukia petali. Shata isishuke chini ya 1/250, na upepo ukizidi iwe 1/500. Pigeni kumi mfululizo, moja itatulia.

Kwenye kamera, weka tundu la lenzi kwenye f/8 hadi f/11 kwa ua moja la karibu; namba ikipanda, sehemu iliyo safi inaongezeka. Kwa f/2.8 sehemu iliyo safi inaweza kuwa milimita chache tu: ncha ya petali safi, katikati ya ua ukungu. Uso wa lenzi uwe sambamba na uso wa ua. Hiyo inasaidia kuliko kupandisha namba. Maua mekundu na ya machungwa, kama ya Kniphofia yanayosimama kama mienge, huungua rangi kabla ya mwanga. Shusheni 0.7 hata kama kioo kinaonyesha kuko sawa.

Ukungu ukishuka, kamera huupaka kijivu cha vumbi. Pandisheni 0.7 hadi 1. Na msiukimbie, mwanga wake ni laini na hauna vivuli vikali.

Baridi humaliza betri upesi, ya akiba ikae mfuko wa ndani wa koti. Mkirudi kwenye chumba chenye joto, kamera ibaki ndani ya mkoba uliofungwa kwa nusu saa. Ukiitoa mara moja, mvuke unageuka maji kwenye lenzi, na ukiingia ndani ya lenzi unaweza kuzaa ukungu wa kuvu. Usiku iwekeni kwenye kontena la chakula lenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya.

Jambo la okidi tulitenge. Viazi vyake huchimbwa kwa ajili ya chikanda, chakula kinachopendwa Zambia, na mmea uliochimbwa hauoti tena. Picha ya simu huweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa, hadi karibu mita. Kabla ya kupiga, zimeni kipengele cha mahali kwenye mipangilio ya kamera. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida taarifa hizo huondolewa, lakini ikitumwa kama faili zinabaki. Na msikanyage pembeni ili kulifikia lililo zuri zaidi: matumba ya wiki ijayo yako chini ya buti zenu. Kaeni njiani, mtumie lenzi ya kuvuta.

Droni hairuhusiwi hifadhini bila kibali. Waliozoea kuirusha kijijini husahau hili, kisha wanaishia getini wakijieleza.

Nikipiga jakaranda mwezi Oktoba, zambarau inatoka ya bluu.
*Msomaji, Iringa Mjini*

Acha kutegemea mizani ya rangi ya otomatiki. Chagua alama ya wingu au ya kivuli, na upige asubuhi au jioni. Mchana mkavu anga huongeza ubluu wake juu ya ule wa ua.

Nataka mtaalamu anitajie jina la mti niliouona Rungwe. Nimetuma picha ya ua, amesema haitoshi. Anataka nini tena?
*Msomaji, Tukuyu*

Ana haki. Maua ya mimea tofauti hufanana mno. Mpe picha sita: mti mzima, gome kwa karibu, tawi likionyesha kama majani yamekaa mawili mawili au kwa kupishana, jani upande wa juu, jani lilelile upande wa chini, ambako kuna vinyweleo na mishipa, ua kwa mbele na kwa ubavu kwenye fremu moja ikiwezekana. Likiwepo tunda, lipige pia. Weka rula au sarafu ya shilingi 200 kando ya jani. Kwa majani ya kung'aa yenye umande, kinga jua kwa mwili wako, la sivyo mng'ao utaficha mishipa.

Andika mwinuko, tarehe, na kama palikuwa msituni, kando ya mto au shambani. Utomvu ukitoka palipovunjika, andika rangi yake ukiwa palepale, maana mwingine hubadilika ukipigwa na hewa. Usiuache uguse macho.